Ng'ombe Waliokutana Njiani

Mume wangu hakuwa mtu wa kukaa chini. Hata kabla habari za benki hazijafika kwetu Sosiot, alikuwa akila amesimama mlangoni, bakuli mkononi, anatazama njia kana kwamba kuna mtu aliyemwahidi kuja. Mama yake, ambaye nilimwita Kogo kama wajukuu wanavyomwita bibi yao, alisema mwanawe alizaliwa na haraka na kwamba yeye alikwisha kata tamaa ya kumtuliza. Nilipoolewa niliona tabia hiyo inapendeza. Mwaka wa pili ilinichosha. Na mwaka ninaotaka kuusimulia, mwanzoni mwa miaka ya thelathini, ilikaribia kumwondoa mtoto wangu duniani, na sitajifanya kwamba nimesahau.

Alifanya kazi katika kiwanda cha chai, juu ya kilima, ng'ambo ya mpaka wa rizavu, ile ardhi tuliyotengewa na serikali. Kazi yake ilikuwa kutandaza majani mabichi yanyauke kabla ya kusagwa, na alirudi nyumbani ananuka chai mpaka kwenye nywele. Miaka ya kwanza ya ndoa yetu kila kitu huko kilikwenda mbio. Msitu ulikatwa, visiki vikang'olewa kwa maksai, kilima baada ya kilima kikapandwa miche. Watu walikuja kutoka kwa Wajaluo kule ziwani na kutoka milima ya Wakisii, wakajengewa nyumba za mistari, na bado hawakutosha. Tuliambiwa kwamba fedha za mambo hayo yote hazikuwa za yule Mzungu tuliyemwona juu ya farasi, maana naye alikuwa ameajiriwa tu. Zilikuwa za watu wa London ambao hawajapata kuona jani la chai likiwa mtini. Walizipeleka benki, benki nayo ikazituma kwetu. Sisi tulicheka sana. Mtu gani mwenye akili anapeleka mali yake mahali asipopajua?

Tulicheka bure, kwa sababu na sisi tulifanya hivyohivyo. Kwetu mtu hakuweka ng'ombe wake wote katika boma moja. Aliwagawa, mmoja kwa rafiki wa huku, wawili kwa rafiki wa kule mbali, na yeye mwenyewe akatunza ng'ombe wa watu wengine. Tuliita kimanagan. Aliyetunza alikunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe na ndama walibaki mali ya mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji alibeba ngozi akampelekea mwenyewe, hata kama ni mwendo wa siku mbili, ili aione kwa macho yake na ajue kwamba hakuibiwa wala hakuliwa kwa siri. Hakukuwa na karatasi. Kogo aliniambia kwamba alipokuwa msichana tauni ya ng'ombe iliingia bondeni kwao, ikamaliza boma zima la baba yake katika mwezi mmoja. Walipona kwa sababu ya mtamba mmoja aliyekuwa kwa rafiki, mbali, mahali ambapo tauni haikufika. Alipenda kuisimulia habari hiyo huku akivuta tumbaku ya pua, na kila mara aliimaliza kwa kupiga chafya.

Kwa hiyo ng'ombe mwekundu niliyekuwa namkama kila asubuhi hakuwa wetu. Alikuwa wa mzee mmoja wa upande wa Mogogosiek, rafiki wa marehemu baba mkwe. Ng'ombe wetu wenyewe, mmoja mweusi wa maziwa na mtamba mmoja, walikuwa mbali kule Chebunyo, kwa mjane ambaye mume wake alikuwa rafiki mwingine wa baba mkwe. Sikuwahi kuwaona. Niliwajua kwa kusikia tu, kama mtu anavyojua shangazi aliyeolewa mbali.

Yule mwekundu nilimpenda kwa sababu moja. Binti yangu alizaliwa mwaka wa nzige, na alipokuwa bado mdogo nilishikwa na homa iliyonilaza kwa muda mrefu. Nilipoamka, maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Nilijaribu kila kitu walichonipa wanawake, supu, majani machungu, kukandwa, wapi. Mtoto akaishi kwa maziwa ya ng'ombe. Ng'ombe yule akichelewa kurudi malishoni, mimi nilikuwa nje naita mpaka sauti inakauka.

Kisha mambo ya kiwandani yakageuka. Kwanza walisimamisha kukata msitu. Baadaye miche iliyokuwa kitaluni, tayari kupandwa, iliachwa ikapitwa na magugu. Mume wangu alisema masanduku ya chai yamejaa ghalani mpaka mlangoni na hakuna mtu ng'ambo anayeyataka kwa bei ya maana. Mishahara ikapunguzwa. Wachumaji wengi wakaambiwa warudi kwao, na tukawaona wakipita na vyungu na magodoro kichwani kuelekea ziwani, kimya, watoto nyuma. Serikali lakini haikupunguza kodi ya vibanda, na ng'ombe hawakuruhusiwa kuuzwa nje ya rizavu kwa sababu ya karantini. Kila mtu alitembea roho juu.

Pale kiwandani palikuwa na karani wa ghala, Mjaluo mmoja mpole, mwenye miwani, ambaye aliletewa magazeti ya zamani kutoka ofisini. Wakati wa kupumzika aliwasomea wenzake. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, alisoma kilichoandikwa. Siku moja alisoma habari za benki za Ulaya na Amerika. Mume wangu alinirudia maneno yake mara nyingi mpaka nikayashika kwa moyo, kwa Kiswahili kilekile cha karani.

"Pesa ya watu haiko ndani ya benki," karani alisema. "Benki imepatia watu wengine, iko inje inafanya kazi. Sasa watu wamesikia maneno kidogo tu, wote wanakuja siku moja, wanasema leta pesa yangu. Itatoka wapi? Yule wa kwanza anapata yote. Yule wa nyuma anakuta mlango imefungwa."

Mume wangu alimwuliza yule wa nyuma alifanya nini. Karani akasema wengine walilia, wengine walirudi nyumbani, basi.

Jioni ile hakula hata akiwa amesimama. Alizunguka boma, akaingia, akatoka, akashika mti wa lango akautikisa kama anapima nguvu zake. Nilimwambia akae, ananitia kizunguzungu. Ndipo akatueleza, mimi na Kogo, habari ya benki na ya mlango uliofungwa. Alipomaliza akasema kwamba ng'ombe wetu ni hivyohivyo. Wako kwa watu. Siku watu wakishtuka, kila mmoja atakwenda kuchukua wake, na atakayechelewa atakuta mjane wa Chebunyo amewauza au amewaficha au wamechukuliwa na wengine kwa madai. Kesho atakwenda kuwachukua.

Mimi ni mtu wa hasira, nilizaliwa nayo, na nilimwambia wazi. "Ukienda kuchukua wako, na mwenye huyu mwekundu atakuja kuchukua wake. Mtoto atakunywa nini?"

Akasema atakunywa maziwa ya yule mweusi, ambaye ni wetu, na hakuna mtu duniani atakayeweza kuja kumdai. Alisema neno wetu kwa namna ya mtu aliyeshiba. Nikasema mweusi hatujui hata kama anakamwa. Akasema anakamwa. Nikasema umejuaje. Akatoka nje kwenda kuangalia njia.

Nilitegemea Kogo amkataze. Yeye ndiye aliyejua tauni. Alimwambia mwanawe, ndiyo, kwamba marehemu baba yake aliwaweka ng'ombe wale kule kwa sababu, na kwamba ng'ombe waliozoea ukavu wa Chebunyo hawapendi kupe wetu wa huku wala baridi yetu. Lakini baadaye, tulipobaki wawili, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli wale wa nyuma hawakupata kitu kabisa. Nikaona kwamba na yeye hofu imemwingia. Hapo ndipo nilipokufa moyo.

Mume wangu alikwenda. Alipita njia za ndani ya rizavu ili asikutane na mashamba ya Wazungu wala askari wa karantini, akarudi na wale wawili, wamechoka, kwato zimejaa matope. Mweusi kweli alikuwa anakamwa, na ndama wake alikuwa nyuma yake. Nilimwuliza mume wangu mjane alisema nini. Akasema hakusema kitu, alifungua tu lango. Nikamwuliza kama amebaki na ng'ombe wengine. Akasema ana mmoja wake. Nikamwuliza kama alipewa hata chai. Akaniambia niache maswali.

Majirani waliona ng'ombe wageni bomani, wakaja kuuliza. Laiti angewaambia ukweli, kwamba karani alisoma gazeti na yeye akaingiwa na woga, pengine wangemcheka na mambo yangeishia hapo. Yeye alijibu kwamba amewachukua tu. Jibu hilo liliwasha moto. Mtu hachukui ng'ombe tu. Wiki ile sokoni Sosiot kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema serikali itahesabu ng'ombe, na atakayekutwa naye bomani ndiye ataandikwa mwenyewe. Mwingine alisema benki ya London inataka ng'ombe badala ya chai. Mwanamke mmoja, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno la maana, aliniambia kwamba mume wangu anajua jambo kubwa kutoka kiwandani ila anatuficha. Nilimwambia anachojua mume wangu ni kunyausha majani. Hakuniamini, na jioni ile mume wake alishika njia ya Konoin kufuata ng'ombe wake.

Basi ikaanza. Mwenye ng'ombe kwa fulani alikwenda kuwachukua, na fulani, kwa kuwa amebaki bila maziwa, akaenda kuchukua wake kwa mwingine, na huyo mwingine akaenda kwa mwingine. Nilikuwa nimekwenda kuteka maji siku moja nikawaona kivukoni. Ng'ombe waliokuwa wakipanda na ng'ombe waliokuwa wakishuka walikutana majini, na wanaume waliowafuata, watu waliotahiriwa pamoja, hawakusalimiana. Kila mmoja alitazama mgongo wa ng'ombe wake. Jike mmoja wa kijivu aligoma kabisa kuvuka. Alikuwa ameishi upande huu miaka mingi, hapa ndipo alipozalia, na kila alipovutwa aligeuza kichwa kutazama alikotoka. Walimpiga mpaka akavuka. Nilisimama pale na mtungi wangu mtupu, na nilijisikia vibaya kuliko siku walipopita wachumaji na magodoro yao.

Tangu siku hiyo na mimi sikutulia. Nilikama mwekundu huku sikio liko njiani. Mbwa wakibweka nilitoka mbio. Nilikuwa nimeanza hata kumfunga nyuma ya nyumba asionekane, jambo la aibu, kana kwamba ninaweza kumficha mtu ng'ombe wake mwenyewe.

Mzee wa Mogogosiek alikuja asubuhi, peke yake, na kamba mkononi. Kamba hiyo niliiona kabla ya kuuona uso wake. Adabu ya kwetu ilikuwa kwamba ng'ombe anayekamwa haondolewi nyumba yenye mtoto mchanga. Mwenyewe hungoja akauke. Mzee aliijua adabu hiyo kuliko mimi. Alikaa, Kogo akampa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, akanywa polepole, wakaongea habari za mvua. Mume wangu alikuwa kazini, na mimi nilipaswa kukaa kimya, maana mkwe wa nyumba hajibizani na rafiki wa baba mkwe wake. Nilikaa kimya mpaka aliposimama na kuokota kamba.

"Boiyot," nikasema, kama tunavyomwita mzee wa heshima, "kesho mtoto huyu atakunywa nini?"

Kogo aliinamisha kichwa kwa aibu. Mzee alimtazama mtoto mgongoni mwangu.

"Niliokuwa nikiwatunza wote wamekuja kuchukuliwa na wenyewe," akasema. "Nina wajukuu kama huyu. Boma langu ni tupu."

Alimfunga mwekundu, ndama akafuata. Nilikwenda nao mpaka kwenye bonde bila kujua ninakwenda kwa nini, kisha nikarudi.

Siku za kwanza mume wangu alikuwa na haki ya kuniangalia kwa macho ya nilikwambia, kwa sababu mweusi alitupa maziwa, machache, lakini alitupa. Haikuchukua muda. Nilimkuta asubuhi amesimama peke yake, masikio yameanguka, na chini ya masikio tezi zimevimba kama mayai. Ndigana, ugonjwa wa kupe. Alihema kwa shida, akatoa povu puani, na maziwa yakakata kabla yeye mwenyewe hajafa. Ndama wake alimfuata. Mtamba alibaki, sijui kwa nini, na alikuwa na mimba, lakini mtamba mwenye mimba hana faida kwa mtoto mwenye njaa leo. Ng'ombe wetu wote walikuwa nyumbani, na nyumbani hapakuwa na tone la maziwa. Haikuwa kwetu tu. Boma baada ya boma, waliowakusanya wote mahali pamoja waliwazika pamoja.

Nilimwambia mume wangu kila neno lililokuwa moyoni. Nilimwambia sasa amekuwa wa kwanza mlangoni, afurahi. Alikuwa anatoka jioni anatembea mpaka kwenye uzio wa chai na kurudi, kwenda na kurudi, na mimi nilimwacha atembee. Mtoto alikuwa mwepesi kila nilipomwinua. Mwanamke wa Kikisii wa nyumba za mistari alinipa unga wa wimbi nimpikie uji mwembamba, na Mungu ambariki popote alipo, kwa sababu mume wake alikuwa ameshapunguzwa kazi na walikuwa wanafunga mizigo. Mtoto aliunywa akautapika. Akaacha kulia. Kilio chake kilikuwa kimenichosha miezi yote, na sasa nilikuwa nakaa naye mapajani nikimwomba alie.

Mjane wa Chebunyo alifika wakati huo. Nilimwona mwanamke mrefu, miguu imejaa vumbi la njia nzima, amebeba kibuyu kirefu mgongoni. Sikumjua. Kogo alimjua, akasimama, akakaa tena, akawa hajui aweke mikono wapi. Mjane alisalimia kama kawaida, akafungua kibuyu, mursik, ile ya kijivu ya makaa inayokaa wiki nyingi bila kuharibika, akamimina kidogo kikombeni na kunyoosha mikono apewe mtoto. Nilimpa. Alimtilia mdomoni kwa kidole, kidogo kidogo. Mtoto alikunja uso, akameza. Akameza tena. Nililia mbele yake bila kujificha.

Alikuwa amesikia habari zetu kwa watu wa kivukoni. Nilimwambia kwamba sijui nitamtazamaje machoni, maana tulimwacha na ng'ombe mmoja.

"Mume wako alipokuja hakuniambia mna mtoto mchanga," akasema. "Angesema, ningempa kibuyu siku ile ile."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake. Aliposikia hivyo, kwa mara ya kwanza tangu nilipomjua, alikaa chini. Alikaa pale kizingitini, kichwa mikononi.

Mjane alikaa kwetu mpaka mtoto alipoanza kulia vizuri. Aliondoka akaacha kibuyu, na baadaye akatuma kingine kwa mtu aliyekuwa anapanda huku. Mtoto alipona. Si haraka, alibaki na miguu myembamba kwa muda, lakini alipona, akaanza kunywa uji wa wimbi bila kuutapika, akawa mkali kama mimi.

Kabla ya mvua kubwa yule mzee wa Mogogosiek alirudi. Safari hii alibeba ngozi. Niliitambua kutoka mbali, nyekundu, na nilijua. Hakuwa na sababu ya kuileta. Ng'ombe alikuwa wake, amefia kwake, hakuwa na deni la ngozi kwa mtu yeyote. Aliitandaza mbele ya mlango wetu, akasema ndigana, tukaitazama wote, upande na upande, kama inavyotakiwa. Kogo alimshukuru. Mzee alisema alijaribu kukaa nayo nyumbani akashindwa, hakujua aionyeshe nani. Kisha akauliza kama mtoto yupo. Nilimtoa nje nikampa ampakate, na hasira niliyokuwa nimemwekea ikaniishia.

Mtamba wetu alizaa baada ya mvua. Jike. Mume wangu alifurahi mno, akasema sasa huyu hatoki hapa, hata kwa bunduki. Mimi usingizi ulinipotea. Kila nilipomkama nilisikia tezi zile chini ya vidole vyangu, ingawa hazikuwapo. Ng'ombe mmoja, boma moja. Kupe mmoja angetosha. Nilimwambia Kogo ninachofikiri, nikitegemea atanikemea.

Alivuta tumbaku yake. Alisema mtamba yule ni wa nyumba yake, alizaliwa na ng'ombe aliyepewa yeye siku ya ndoa ya mwanawe, na mwanawe hana sauti juu yake. Tukatuma neno Chebunyo kwa mjane kwamba tuna jike na ndama, na yeye ana jike na ndama, na kama anakubali tubadilishane kutunza, tukutane kati, kivukoni kwenye mto Kipsonoi.

Karani wa ghala alikuwa anaondoka siku hizo, naye pia amepunguzwa, baiskeli yake imefungwa masanduku. Mume wangu alimweleza tunachokwenda kufanya. Karani alivua miwani akaifuta. "Sasa unapeana ng'ombe moja, unapewa ng'ombe moja," akasema. "Faida iko wapi?" Mume wangu alishindwa kumweleza. Alikuja kuniuliza mimi, na mimi nilimwambia ashike kamba tuondoke.

Mjane alikuwa amefika kabla yetu, amekaa ukingoni na ng'ombe wake, mwenye madoa, ndama anacheza majini. Tulikula pamoja. Tulikagua ng'ombe, masikio, chuchu, miguu, bila kuoneana haya, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jambo la heshima. Wakati wa kubadilishana kamba ulipofika aliishika ya kwake, hakuiachia.

"Na mkisikia tena habari za Ulaya?" akaniuliza.

Mume wangu alitazama chini. Ningeweza kumwapia. Ningeweza kusema haitatokea tena, na ningekuwa nadanganya, kwa sababu namjua mume wangu, na baada ya mwaka ule najua na nafsi yangu.

"Tutaogopa," nikasema. "Lakini wako atakuwa kwangu."

Mjane akaniwekea kamba mkononi, nami nikampa yetu. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, mzito, ananivuta nywele. Tulipanda upande wetu, na yeye akapanda upande wake. Nilijizuia nisigeuke, nikashindwa. Nilipogeuka kumtazama ng'ombe wangu, mjane naye alikuwa amesimama juu ya ukingo wa pili, amegeuka, anamtazama wake.